Inzi wa labo wanapokusumbua: dalili, chanzo na la kufanya kwa wanaochunguza magonjwa ya ubongo ya watoto

Hii nawaandikia wale ambao hapa Bukavu, na Goma, na hata kule Lubumbashi, wanafuga inzi wa matunda waliobadilishwa jeni ili kuelewa kwa nini mtoto fulani anaanguka kifafa kila wiki, mwingine amezaliwa na kichwa kidogo, mwingine amefika miaka minne na bado hajasema "mama". Inzi mwenyewe ni yule yule mdogo anayezunguka ndizi zilizoiva sana na mtungi wa kasiksi (pombe ya ndizi), Drosophila melanogaster. Karibu asilimia 75 ya jeni zinazojulikana kuleta magonjwa kwa binadamu ziko na ndugu yake ndani ya huyu inzi, na ubongo wake wenye seli za neva kama 140,000 unatumia kemikali nyingi zile zile za ubongo wetu. Kwa hiyo anaweza kutujibu. Shida ni kwamba mara nyingi anajibu swali ambalo hatukumuuliza, tunadhani tunaona jeni kumbe tunaona baridi ya usiku, ama chakula kibovu, ama inzi wa jikoni aliyeingia mu chupa. Na jibu la uongo linafika kwa wazazi, ndio hiyo inaniuma. Basi hata kama dalili yako unaona haihusiani na joto, tafadhali anza na joto.

Wanachelewa kutoka, ama kila wiki matokeo yanabadilika

Vitabu vinasema kutoka yai mpaka inzi mzima ni siku 10. Ni kweli, lakini kwa digrii 25. Kwa digrii 18 inafika siku 19 hivi. Bukavu tuko juu kwenye mita kama 1,500, chumba bila kabati la joto kinakaa kwenye digrii 20 hivi na Juni Julai usiku kinashuka zaidi, kwa hiyo ukifika siku ya 10 hujaona kitu usitupe chupa, hawajafa, wanakua pole pole. Lubumbashi wakati wa baridi ni hivyo hivyo.

Hiyo ni shida ndogo. Kubwa ni hii. Wengi wetu tunatumia mfumo wa GAL4 na UAS, ule Andrea Brand na Norbert Perrimon walioutoa mwaka 1993. GAL4 ni protini iliyotoka kwa hamira, unaifanya itengenezwe ndani ya seli unazotaka tu, mfano neva, na pale ambapo GAL4 iko inaenda kushika kipande cha DNA kinachoitwa UAS na kuiwasha jeni uliyoipanga mbele yake, ni kama ufunguo na kufuli yake. Sasa GAL4 inapenda joto: digrii 18 inafanya kazi kidogo, 25 vizuri, 29 kwa nguvu. Umeme ukikatika saa mbili usiku mpaka asubuhi, kabati lako linashuka mpaka 20, kesho linarudi 25, keshokutwa tena linashuka. Wiki hii inzi wanaanguka kifafa, wiki ijayo hawaanguki, na wewe unaandika kwamba jeni hii dalili zake hazitabiriki. Jeni haijafanya kitu hapo, ni joto.

La kufanya: nunua temomita inayokumbuka joto la juu na la chini, andika namba kila asubuhi hata siku hauna majaribio. Jaza chupa za maji za lita moja moja ndani ya kabati, zinashika joto masaa mengi umeme ukienda, na usifungue mlango "kuangalia tu". Lakini la muhimu kupita yote: kontrole, yaani inzi wa kulinganisha wasio na ugonjwa, zianze siku moja na wagonjwa, zikae kwenye trei moja na wagonjwa, zile chakula cha sufuria moja. Kama joto limeyumba, limeyumba kwa wote, na bado unaweza kulinganisha. Kontrole ya mwezi uliopita si kontrole. Na usipandishe joto ovyo ukidhani utaharakisha kazi, kuanzia digrii 30 madume wanakuwa tasa.

Mabawa yaliyojikunja yamepotea

Hii inawachanganya sana wanafunzi wa huku kwetu kuliko wa nchi za joto. Kromosomu ya balansa inayoitwa CyO tunaitumia kulinda jeni mbaya isipotee, na alama yake ni mabawa yaliyojikunja juu. Sasa alama hiyo yenyewe inategemea joto! Ukiwafuga kwa digrii 18 au 19 wengine mabawa yananyooka kabisa kama ya inzi wa kawaida, unawahesabu kama hawana balansa, halafu hesabu yako yote ya "waliobeba ugonjwa wakaishi" inakuwa uongo. Kama unahesabu kwa mabawa, wakulie kwa 25. Kama hauna kabati, tumia balansa yenye alama nyingine, mfano TM6B yenye Tubby unayoiona mapema kwenye funza na pupa waliofupika, au TM3 yenye Stubble ambapo vinyweleo vya mgongoni ni vifupi, ila hizo mbili ni za kromosomu ya tatu kwa hiyo jeni yako lazima iwe huko.

Chupa nzima imegeuka macho mekundu

Inzi wengi waliobadilishwa jeni wametoka kwenye ukoo wa macho meupe, ule Thomas Hunt Morgan aliupata New York mwaka 1910, na jeni iliyoingizwa inakuja na kipande kidogo kinachorudisha rangi kiasi, basi macho yanakuwa njano au chungwa. Ukikuta mekundu kabisa, kuna njia mbili. Kwanza angalia umri: rangi hiyo ndogo inazidi kukolea siku zinavyopita, mzee wa wiki mbili anaweza kuonekana mwekundu hivi, kwa hiyo linganisha wale waliotoka leo tu. Kama hata wa leo ni wekundu damu, basi inzi wa nje ameingia. Ndizi moja ya soko la Kadutu hapa Bukavu iliyosahauliwa kwenye dirisha la labo inatosha.

Na usione ni jambo dogo. Melanogaster ni mzaliwa wa Afrika, mwaka 2018 watafiti walichapisha kwamba wamewakuta porini Zimbabwe ndani ya matunda ya porini yanayoitwa marula, kwa hiyo hapa kwetu hauna ukuta kati ya inzi wa labo na inzi wa mtaa, wanazaana bila shida. Tena inzi wa porini wa leo wamebeba kitu kinaitwa elementi P, kipande cha DNA kinachorukaruka, ambacho koo za zamani za labo hazina. Dume wa porini akipanda jike wa labo asiye nacho, watoto wanaweza kutoka tasa, hasa kukiwa na joto, na jeni zao zinavurugika. Basi ukiona ghafla kizazi cha watoto wasiozaa, kabla ya kusema jeni yako inaharibu uzazi, fikiria mgeni.

Kuna mgeni mwingine rahisi kumtambua, Zaprionus, mkubwa kidogo na mistari myeupe inayong'aa kutoka kichwani mpaka mgongoni. Huyo hazai na wako, anakula tu chakula chao, mtoe.

Chupa iliyoingiliwa usijaribu kuichambua, ua wote waliomo. Ndio maana kila ukoo unaweka mu chupa mbili, vyumba viwili kama inawezekana. Matunda yasiingie labo, hata ya kula saa sita. Weka mtego wa kasiksi au siki nje ya mlango, na kila baada ya vizazi vichache hakikisha alama chini ya mikroskopi.

Majike tu ndio wanaumwa, madume wako sawa

Utafurahi ukidhani umegundua ugonjwa wa jinsia moja. Ngoja. GAL4 inayotumika sana kwa neva, elav ile ya C155, iko kwenye kromosomu X. Ukiichukua kwa baba, mabinti wote wanaipata, wavulana hata mmoja hapati, kwa sababu baba anampa mwanawe Y. Geuza ndoa: GAL4 itoke kwa mama, jeni ya UAS itoke kwa baba. Mama awe bikira kweli, maana jike akishapandwa anahifadhi mbegu siku nyingi sana na utapata watoto wa dume usiyemjua. Kwa digrii 25 jike hapandwi mpaka kama masaa 8 baada ya kutoka, kwa 18 inafika kama 16, basi toa wazima wote asubuhi na tena jioni, na chukua wale weupe bado wenye doa jeusi tumboni.

Hakuna dalili yoyote

Umezima jeni kwa RNAi, njia ya kuharibu ujumbe wa jeni kabla haujawa protini, unasubiri ugonjwa, inzi anaruka vizuri tu. Sababu ziko nyingi na ya kwanza bado ni joto, peleka 29. Ya pili, RNAi yenyewe ni dhaifu, basi ongeza UAS-Dicer-2, jeni inayoipa RNAi nguvu, na jaribu ukoo wa pili unaolenga sehemu nyingine ya jeni ile ile, ukoo mmoja peke yake hata ukileta dalili usiuamini. Ya tatu, mama amempa yai akiba ya protini nzuri na akiba hiyo inambeba mtoto mwanzoni. Ya nne unaiona kwa watu wengi: wamezima jeni ndani ya neva wakati kazi yake iko kwenye glia, seli zinazolea neva, jaribu repo-GAL4, ile inayowaka ndani ya glia.

Ya tano ni ngumu kumeza, inzi huyo jeni hiyo hana. Ugonjwa wa Rett, wa ubongo na unaowapata hasa wasichana, unatokana na jeni MECP2, na inzi hana ndugu wa wazi wa MECP2, unaweza kumwekea ile ya binadamu uangalie inachofanya lakini huwezi kuzima kitu ambacho hakipo. Kabla ya kuagiza chochote Bloomington kule Indiana, ghala la koo za inzi, fungua FlyBase, tovuti ya jeni za inzi, ni bure, uangalie jeni yako iko na ndugu wa namna gani, mmoja au watatu. Wakiwa watatu, ukizima mmoja wengine wanaweza kushika kazi yake.

Wanakufa wote kabla ya kutoka

Hapa watu wanakata tamaa na mimi nasema hapa ndipo penye mali. Jeni ambayo inzi hawezi kuishi bila yake ni chombo kizuri sana cha kupima mabadiliko ya mtoto.

Ila kwanza ondoa sababu za kijinga. Funza wamekauka? Chakula kimekuwa maji maji wakazama? Kontrole nao wanakufa? Kama kontrole wanatoka vizuri na wako wanafia kwenye pupa, sawa, jeni ni ya lazima. Ukitaka wafike utu uzima ili uone tabia, tumia GAL80 ya joto: kwa 18 inaizuia GAL4, ukipeleka 29 inaachia, basi unawakuza kwa baridi na unawasha ugonjwa ukubwani. Hapa baridi yetu ya Bukavu inasaidia lakini usiitegemee, digrii 21 au 22 si 18, GAL4 inaanza kuvuja.

Sasa yenye mali yenyewe. Mtoto amepimwa DNA, daktari amepata herufi moja imebadilika kwenye jeni fulani, na hakuna mtu duniani anajua kama hiyo herufi ndiyo ugonjwa au ni tofauti tu ya familia. Unafanya hivi: unatoa jeni ya inzi, anakufa. Unamwekea jeni ya binadamu iliyo nzima, anaishi. Halafu unamwekea ile ile ya binadamu lakini na herufi ya mtoto, unangoja. Kundi la Hugo Bellen pale Houston limefanya kazi ya namna hii miaka mingi, na mwaka 2014 walionyesha kwa jeni ANKLE2, ya familia yenye watoto wa kichwa kidogo, kwamba funza wasio na jeni hiyo ubongo wao ni mdogo na jeni ya binadamu inawarudisha. Kwa kweli mimi kazi hii naipenda kuliko zote.

Inakwama wapi? Mara nyingi jeni nzima ya binadamu yenyewe haimwokoi inzi. Basi hapo hauna kipimo, hata herufi ya mtoto ikishindwa haimaanishi kitu, usiandike ripoti. Mara nyingine unaiwasha kwa nguvu mno, protini inajaa kupita kiasi, hata jeni dhaifu inaonekana nzima kwa wingi wake, shusha joto mpaka 22 au 20 halafu linganisha tena. Na hakikisha zote mbili, nzima na ya mtoto, zimeingizwa mahali pamoja kwenye kromosomu, la sivyo unalinganisha mahali, hulinganishi herufi. Herufi ya mtoto ikiokoa inzi sawasawa na nzima, usimwambie mzazi kwamba jeni haina hatia. Labda kazi iliyoharibika ni ile ambayo inzi haihitaji.

Kifafa kinakuja na kupotea

Kuna koo ambazo ukizitikisa zinaanguka, zinatetemeka, zinalala kama zimekufa halafu zinaamka: easily shocked, bang senseless, technical knockout. Kipimo ni kuweka inzi kwenye kichupa kitupu, kutikisa kwa vorteksi (mashine ndogo ya kutikisa) sekunde 10, na kupima muda mpaka wasimame. Wengine wanapima kwa joto: inzi waliowekewa mabadiliko ya jeni ya SCN1A, ile ya kifafa kikali cha watoto kinachoitwa Dravet, kwenye jeni yao ya para, wanaanguka ukiwachovya ndani ya kichupa kwenye maji ya digrii 40. Hiyo inagusa moyo kwa sababu watoto wa Dravet pia kifafa chao kinaanza mara nyingi na homa.

Leo wameanguka wote, kesho hakuna? Uliza haya. Uliwalaza kwa barafu au kwa gesi asubuhi hiyo hiyo? Wape siku nzima wapumzike kabla ya kupima. Uliwapima mara ya pili haraka? Inzi aliyetoka kuanguka anakaa muda hawezi kuanguka tena, unadhani amepona kumbe ni mapumziko ya ubongo tu. Umri ni mmoja? Wako wangapi kwa kichupa? Kumi wanatosha, wakirundikana wanakingana na mtikisiko. Kwa kipimo cha joto weka temomita NDANI ya kichupa, sio kwenye maji tu, na ujue ukizidisha digrii moja mbili hata kontrole wataanguka. Anayehesabu asijue ni kichupa gani, mtu mwingine aandike namba.

Hawapandi, ama ni wadogo sana

Kupanda ukuta baada ya kugongwa chini ni kipimo rahisi lakini kinadanganya. Inzi wa macho meupe haoni vizuri na tabia yake imebadilika, usimfanye kontrole wa mwenye macho ya chungwa. Kontrole nzuri ni mbili: GAL4 peke yake, na UAS peke yake, wote wakiwa wamezalishwa tena na tena na ukoo mmoja kwa vizazi vitano au sita ili jeni zao nyingine zifanane. Pima saa ile ile ya siku.

Udogo wa mwili ni dalili ya kweli kwa inzi wasio na NF1, jeni ya ugonjwa wa neurofibromatosis, lakini chupa iliyojaa funza kupita kiasi pia inatoa inzi wadogo. Punguza mayai, rudia. Kwa ubongo mdogo usipime kichwa cha mzima peke yake, pasua funza wa hatua ya mwisho aliyeanza kutembea ukutani, pima ubongo, na uhakikishe kontrole wamefika hatua ile ile maana mgonjwa mara nyingi anachelewa.

Dawa imemponya inzi

Furaha iko halali lakini tulia. Kwanza, amekula kweli? Dawa nyingi ni chungu, inzi akikataa chakula anakuwa na njaa, na njaa peke yake inabadilisha tabia. Changanya rangi ya buluu ya chakula, angalia matumbo. Halafu kontrole pia apewe dawa, maana dawa inayomchangamsha kila mtu haijaponya ugonjwa.

Mwaka 2005 kuna kazi kubwa iliyoonyesha kwamba inzi wasio na jeni ya Fragile X, ugonjwa wa kurithi unaochelewesha akili ya mtoto, ambao hawakumbuki kwamba jike amewakataa, wanarudiwa na kumbukumbu wakipewa dawa ya majaribio MPEP au lithiamu. Ilileta tumaini kubwa. Dawa za njia ile ile zikapelekwa kwa watu, na mwaka 2014 Novartis wakasimamisha mavoglurant kwa Fragile X kwa sababu majaribio hayakuonyesha faida waliyokuwa wanatafuta. Kazi ya inzi haikuwa mbaya. Lakini mzazi akikuuliza "hiyo dawa naipata wapi, papa?", mwambie wazi kwamba bado ni inzi, na mtoto aendelee na dawa za kifafa alizoandikiwa, asikatishe hata siku moja.

Haya ya mwisho ni ya haraka

Kuvu: chakula kimemwagwa kikiwa cha moto na kufungwa haraka, ama asidi ya propioniki imetiwa jikoni moto ukiwa mkali na imeruka, ngoja ishuke chini ya digrii 60 hivi. Hapa maji yanachemka kama digrii 95, ongeza dakika za kupika ili agari (unga unaogandisha chakula) iyeyuke vizuri. Utitiri: choma chupa hizo zote kwa maji ya moto, hamisha wazima kila siku mpaka uone safi. Kifurushi kimefika na wazima wote wamekufa njiani: usitupe! Lowesha kidogo, kaa nacho wiki mbili tatu, pupa na funza wanatoka. Na inzi wa kutupa, hao waliobadilishwa jeni, hawatoki labo wakiwa hai. Waweke frigo ya kugandisha usiku mzima, umeme ukiwa hakuna waingize kwenye maji yenye sabuni nyingi, na chupa zilizo na mayai zichemshe kabla ya kuziosha.